Pikipiki ya zamani umeifufua, sasa inayumba: pa kuanzia kutafuta

Pikipiki ikianza kuyumba baada ya kufufuliwa, shuku kwanza kilichofanyika gereji kabla hujashuku umri wake. Nasema hivi kwa sababu watu wengi hukimbilia kusema fremu imepinda. Mzee mmoja wa Chumbageni, hapa Tanga, aliniletea Honda CG 125 ya miaka ya 80, imepigwa rangi ya kuoka nyeusi, tangi linang'aa, injini inaunguruma vizuri, lakini ikifika kilomita 50 kwa saa usukani unatetemeka hadi mikono inakufa ganzi. Alishanunua tairi jipya la mbele na shokapu za nyuma, na alikuwa anajiandaa kutafuta fremu nyingine. Fremu yake ilikuwa nzima. Utaratibu tulioufuata ni huu, na ninaomba uufuate kwa mpangilio wake. Ukianza na mstari wa magurudumu wakati beringi zinacheza, kila kipimo utakachopata kitakudanganya.

Hatua ya 1: Sema inayumba vipi

Usukani unaotetemeka kwa kasi mkononi, hasa kati ya kilomita 40 na 60 kwa saa unapoachia mafuta, mara nyingi tatizo liko mbele: goroli za usukani (zile za shingoni mwa fremu zinazouwezesha usukani kuzunguka), tairi la mbele, rimu au beringi za gurudumu. Ikiwa pikipiki nzima inapepesuka polepole kama inasukumwa kiunoni, mwendo ukiwa mkubwa, na inazidi ukipakia mzigo, angalia nyuma: bushi za swingamu (mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma), shokapu, na huo mzigo wenyewe. Ikivuta upande mmoja tu, angalia mstari wa magurudumu.

Mimi hujaribia barabara ya Horohoro nikishaipita Amboni, asubuhi mapema. Mchana upepo wa baharini unaipiga pikipiki ubavuni na hutajua kama kinachoyumba ni chuma au ni upepo. Vaa helmeti, na usiachie usukani kwa mikono yote miwili ili "kuona inakwendaje". Kuachia mafuta huku umeshika kwa wepesi kunatosha.

Hatua ya 2: Matairi

Pima upepo tairi likiwa la baridi, kwa kipimo chako mwenyewe. Vipimo vya vituo vya mafuta vinapishana mno. Kiwango sahihi kimeandikwa kwenye kitabu cha pikipiki. Kisha tafuta ubavuni tarakimu nne za tarehe: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka, kwa hiyo 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Zikiwa tarakimu tatu, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, litoe hata kama kashata (meno) zake bado ndefu, maana mpira umeshakuwa mgumu. Angalia na mshale wa mwelekeo.

Hatua ya 3: Gurudumu

Inua gurudumu, lishike juu na chini, litikise. Likicheza kwenye ekseli, badilisha beringi. Lizungushe ukiwa umefunga waya kwenye shokapu ya mbele uwe karibu kugusa rimu. Honda wanakubali rimu ipinde hadi milimita 2 tu, kwa kando na kwa juu-chini. Gonga spoki moja moja kwa spana ndogo: iliyolegea inatoa sauti nzito isiyolia.

Hatua ya 4: Goroli za usukani

Hapa usiwe na haraka. Pikipiki nyingi zilizofufuliwa ninazoletewa zinaumwa hapa, na fundi aliyezifunga anaapa kwamba goroli ni mpya.

Weka pikipiki kwenye stendi kubwa, weka kigogo chini ya injini gurudumu la mbele liachane na ardhi. Kabla hujapima chochote, fungua waya wa klachi, wa mafuta, wa mita, na ulegeze nyaya za umeme zilizobanwa shingoni. Waya mpya ni mgumu na unaweza kuushikilia usukani ukadhani ni goroli. Kisha fanya vipimo vitatu.

Kwanza, kaa mbele, shika miguu ya shokapu chini kabisa, vuta na sukuma. Mwenzako aweke kidole kwenye kiungo kati ya shingo ya fremu na kishikizo cha chini cha shokapu. Akisikia mchezo kwenye kidole, goroli zimelegea. Asiposikia kitu lakini wewe unasikia "ko", mchezo uko ndani ya shokapu zenyewe.

Pili, zungusha usukani kwa kidole kimoja, polepole sana, upite katikati. Ukihisi unanasa pale pale gurudumu linapoelekea mbele, vikombe (vyuma vya duara ambamo goroli zinatembea) vimechimbika. Ndipo usukani unapokaa muda wote pikipiki ikitembea, na kila shimo la barabarani linagongea goroli mahali pale pale kwa miaka. Goroli mpya ndani ya vikombe vya zamani haziponyi ugonjwa huu. Dukani nunua seti nzima: goroli, vikombe na koni (vipande vya ndani vinavyoegemea goroli). Na kwa huku kwetu pwani, pikipiki iliyolala muda mrefu hupata vidoa vya kutu ndani ya vikombe hata kama haikutembea.

Tatu, uache usukani katikati, uguse kidogo. Unatakiwa uanguke wenyewe hadi mwisho, kulia na kushoto. Ukisimama njiani, umekazwa kupita kiasi. Usukani uliokazwa mno ni mbaya sawa na uliolegea: pikipiki haiwezi kujirekebisha yenyewe, inatangatanga kwenye mwendo mdogo, na wewe unakuwa unapigana nayo bila kujua.

CG ya yule mzee ilikuwa na tabia ya kuchanganya. Ukiukaza usukani uache kucheza, unakuwa mgumu ukielekea kushoto. Ukiulegeza uwe laini kushoto, unacheza ukielekea kulia. Hakuna mkazo uliokuwa sahihi. Tukafungua, tukatoa kikombe cha chini. Chini yake kulikuwa na rangi. Aliyeipaka hakuziba mdomo wa shingo, na rangi ya kuoka ni nene, inafika sehemu ya kumi ya milimita. Kikombe kilipopigwa kuingia kiliikwangua rangi upande mmoja, maganda yakajikunja chini yake, kikombe kikakaa kimeinama. Ukitazama kwa jicho huoni. Tulikigundua kwa kupitisha kipande cha karatasi kati ya kikombe na fremu: upande mmoja kiliingia, upande wa pili kiligoma.

Tiba yake ni kukwangua hadi chuma cheupe pale kikombe kinapokaa, ndani na kwenye ukingo, kisha kupaka grisi kidogo kuzuia kutu. Usikipige kikombe kwa nyundo na tindo. Tumia bolti ndefu yenye washa nene juu na chini, uvute vikombe vyote viwili taratibu kwa spana. Vitakaa sawa.

Goroli zote zitoke pakiti moja. Zipange kwenye grisi nzito, jaza njia yake, ibaki nafasi ndogo isiyotosha goroli moja; usilazimishe ya ziada. Kaza nati hadi ihisi nzito, zungusha usukani mwisho hadi mwisho mara kadhaa ili vikae, legeza, kisha kaza tena mpaka mchezo upotee tu. Funga nati kubwa ya juu, halafu rudia vipimo vyote, kwa sababu nati ya juu ikikazwa inashindilia ya chini na mkazo unabadilika. Wengi wanaacha hapo kabla ya kurudia. Baada ya kilomita 200 hivi pima tena.

Kuna wanaopendelea beringi za roli badala ya goroli. Kwa pikipiki ya cc 125 mimi nabaki na goroli. Roli ni imara, lakini ni rahisi mno kuzikaza kupita kiasi.

Hatua ya 5: Swingamu

Toa gurudumu la nyuma na bolti za chini za shokapu. Shika ncha za swingamu, sukuma kushoto na kulia. Ikicheza kwa kando, bushi zimekwisha. Hapa pia tafuta rangi pale swingamu inapobanwa na fremu: rangi ikibanwa inasagika, na bolti uliyoikaza wiki iliyopita inalegea yenyewe. Kwangua. Kama bushi ni za mpira ulioshikana na chuma, bolti ikazwe mwisho pikipiki ikiwa imesimama kwa magurudumu yake, la sivyo mpira unabaki umejinyonga.

Hatua ya 6: Mstari

Usiamini alama zilizochongwa kwenye swingamu. Tumia mshipi wa kuvulia, unaupata maduka ya karibu na soko la samaki la Deep Sea. Tanga ni mji wa katani na kamba yake naipenda kwa kazi nyingine, lakini ina nyuzi na inalegea; kwa kazi hii mshipi hauna mpinzani. Uzungushe nyuma ya tairi la nyuma, kama sentimita 10 kutoka chini, leta ncha mbili mbele kupita tairi la mbele, zivute mpaka kila upande uguse kwa wepesi ukingo wa mbele wa tairi la nyuma. Tairi la mbele ni jembamba, kwa hiyo itabaki nafasi. Rekebisha vikaza cheni hadi nafasi zilingane pande zote.

Zikiwa sawa kati ya ncha ya mbele na ya nyuma ya tairi la mbele, lakini upande mmoja ni pana kuliko wa pili, magurudumu yako sambamba ila moja limehama. Muulize aliyefunga spoki mpya kabla ya kuilaumu fremu.

Hatua ya 7: Shokapu na keria

Shokapu za mbele ziwe na oili ya kiasi kimoja kila mguu. Za nyuma zibadilishwe zote mbili. Kisha toa keria na kreti ya nyuma, ukajaribu upya barabara ile ile. Kama kupepesuka kumekwisha, rudisha keria, lakini mzigo mzito usogeze mbele ya ekseli ya nyuma au uubebe kwa chombo kingine.