SOMO: Kujiandaa na muhula mpya, kwa wakufunzi wa vyuo vya kati

Kila Oktoba na kila Machi simu yangu haipumziki. "Kaka, naanza Jumatatu, nianzie wapi?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, kwa hiyo naandika mara moja. Atakayeniuliza tena nitamrudisha hapa. Nafundisha takwimu, NTA (mfumo wa tuzo za ufundi wa Tanzania) ngazi ya 5 na ya 6, yaani cheti na diploma. Wa vyuo vikuu chukueni yanayowafaa.

1. Chukua mtaala wa moduli yako kwa mkuu wa idara. Uwe unaotumika sasa, siyo fotokopi uliyorithi.

2. Chukua ratiba na orodha ya wanafunzi. Ratiba ya kwanza ni rasimu hata kama ina muhuri.

3. Hesabu wiki zako za kweli. Hapa ndipo nilipoumbuka, tulieni.

Kalenda inasema wiki 15. Mwaka wangu wa pili kazini nilichukua azimio la kazi (mpango wa mada wiki kwa wiki) la mwaka uliotangulia, nikabadili tarehe, nikalala usingizi. Wiki mbili za mwanzo, darasa la watu 90 lilikuwa na 20. Wengine walikuwa bado wanahangaikia ada. Ikaja Pasaka, ikaja Idi, ikaja Muungano, ikaja Mei Mosi, na karibu zote zikaangukia siku zangu za vipindi. Jaribio la kwanza nililipanga siku ambayo ikawa Idi, tukala pilau. Kumbe mtihani wa mwisho nilishaukabidhi kuhakikiwa tangu wiki ya 8, na ndani yake mna maswali mawili ya mada ambayo sijaigusa! Wiki ya mwisho nikafundisha mada tatu kwa siku nne, Jumamosi ikiwemo. Sapu (mitihani ya marudio ya waliofeli) zilizotoka pale hata nyumbani sikuzisimulia.

Sasa nafanya hivi. Nachukua kalenda ya ukutani na kalamu nyekundu. Muhula wa Oktoba nakata 14 Oktoba, 9 Desemba, 25 na 26 Desemba, 1 na 12 Januari. Wa Machi nakata 7 Aprili, 26 Aprili, 1 Mei, pamoja na Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka, ambazo huhama. Idi kila mwaka huwahi kwa siku kama 11 na inangoja mwezi uandame, kwa hiyo USIPANGE jaribio siku hiyo, wala siku moja kabla, wala siku mbili baada. Kisha nakata wiki ya majaribio. Kinachobaki ndicho changu, na mara nyingi ni wiki 11 au 12. Mada nzito naiweka wiki ya 4 hadi ya 8, wakati wote wameshafika na hawajaanza kuwaza mtihani.

ONYO jingine: idara ikitaka mtihani mapema, kabidhi na maswali ya akiba kutoka mada za mwanzo. Mada ya mwisho isipofika, unajua pa kushika.

4. Tarehe za majaribio na kazi za vikundi ziandike karatasi moja, zisome siku ya kwanza, CR (kiongozi wa darasa) apate nakala. Tathmini endelevu, yaani majaribio na kazi hizo, kwetu ni alama 40, na ugomvi wake ukianza mwezi wa mwisho hauishi.

5. Nenda darasani kabla yao. Jaribu soketi na projekta, kisha kaa kiti cha nyuma kabisa uone kama ubao unasomeka.

6. Andaa kipindi kimoja kisichohitaji umeme.

7. Wiki ya kwanza fundisha, hata wakiwa 20. Ukisema "tutaanza mkitimia," hawatimii.

MASWALI

Jua Kali: Mkuu naomba softkopi ya azimio lako, nitupie inboksi.

Jibu: Unafundisha nini?

Jua Kali: Uhazili.

Jibu: Sasa la takwimu utalifanyia nini?

Mzee wa Fomati: Mnatisha watu bure. Mimi mwaka wa nne huu nabadili tarehe tu na mambo yanakwenda.

Jibu: Hongera. Idi iliyopita ilikuwa wiki ya ngapi kwenye azimio lako?

Mzee wa Fomati: Siyo lazima tufanane mkuu.

Jibu: Sijasema lazima. Nimeuliza wiki ya ngapi.

Binti Chaki: Shikamoo mwalimu. Moduli yangu ina krediti 12, ratiba imenipa saa 4 kwa wiki. Nikipiga hesabu haziingiani. Nimepunjwa?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, hujapunjwa. Krediti moja ni saa 10 za kujifunza, kwa hiyo 12 ni saa 120, lakini saa hizo ni za mwanafunzi, siyo zako. Ndani yake mna vipindi, mazoezi, kusoma mwenyewe, hata mtihani. Saa 4 kwa wiki 15 ni 60. Nusu iliyobaki anaifanya bila wewe, ila usipompa cha kufanya ataimalizia kwenye simu.

Binti Chaki: Kwa hiyo kila wiki niwape kazi?

Jibu: Ndogo, na usisahihishe zote. Mimi nachukua madaftari kumi kila wiki bila kutangaza ya nani. Kwa watu 90, ukisahihisha yote utaacha wiki ya tatu. Ukikwama na azimio lako nitumie nilipitie.

Mama Wawili: Nyongeza: kuweni na laini ya pili ya wanafunzi. Mimi nilipigiwa saa 8 usiku na mtu anauliza kama kesho kuna kipindi.

Jibu: Dada yangu hili lilistahili kuwa hatua ya 8. Mimi kwenye grupu nipo na CR tu.

Jua Kali: Na sauti je? Wiki ya pili mimi huwa nimekauka kabisa.

Jibu: Hilo sasa ni swali. Acha kuongea huku umeupa ubao uso. Andika, geuka, ndipo useme.

Mama Wawili: Na chupa ya maji ya tangawizi, ya vuguvugu. Ya baridi waachie wao.