Kabla hujapeleka kifaa chako maonyesho: hataza na alama ya biashara kwa mafundi wa nishati safi

Wapendwa mafundi,

Somo hili nimeliandika kwa sababu ya fundi mmoja wa Dunga, hapa Kisumu. Alihangaika miaka miwili na gugumaji la ziwani. Ukilitia kwenye mtambo wa baiogesi, linaelea na kushikamana juu kama mkeka, gesi inakwama chini yake. Yeye akachomelea vyuma vitatu ndani ya pipa linaloelea. Gesi ikijaa, pipa linapanda; watu wakipika, linashuka; na kila linaposogea vile vyuma vinaupasua ule mkeka. Hakuna mota, hakuna wa kukoroga. Kwa furaha akaupeleka maonyesho na kumweleza kila aliyeuliza. Baadaye akaukuta unauzwa mjini kwa jina la watu wengine. Alipokuja kwangu, miezi 14 ilikuwa imepita. Mtaona kwa nini hesabu hiyo inaniuma.

Hatua ya 1: Jua unalinda nini

Namna kifaa kinavyofanya kazi hulindwa kwa patenti, yaani hataza, kwa miaka 20 tangu siku ya kuomba. Lazima kiwe kipya, kitumike katika uzalishaji, na kisiwe jambo ambalo fundi yeyote mzoefu angelibuni bila kuumiza kichwa. Sharti hilo la mwisho likikushinda, kuna cheti cha ubunifu mdogo: miaka 10, haiongezwi. Mafundi wengi wa jua kali wangefaa kuanzia hapo, lakini wanaambiwa habari za hataza tu. Umbo na sura ya bidhaa hulindwa miaka 5, na unaweza kuongeza hadi 15. Jina na nembo ni alama ya biashara: miaka 10, kisha unaongeza kila inapokwisha. Yote haya hushughulikiwa na KIPI, Taasisi ya Mali ya Viwanda, Nairobi.

Hatua ya 2: Fumba mdomo

Sheria ya Kenya ya mwaka 2001 inakusamehe ukiwa umeonyesha kifaa chako mwenyewe ndani ya miezi 12 kabla ya kuomba. Usiutegemee msamaha huo, maana nchi nyingi hazina kitu kama hicho. Ukilazimika kumweleza mfadhili au mshirika, kwanza atie sahihi mkataba wa kutunza siri.

Hatua ya 3: Tafuta kama kipo tayari

Ingia Espacenet au PATENTSCOPE, hifadhi za hataza za dunia mtandaoni, ni bure. Hataza hupangwa kwa makundi yenye alama: mitambo ya baiogesi itafute kwenye kundi C12M, makaa ya kushindilia kwenye C10L 5. WIPO, Shirika la Mali Miliki Duniani, pia lina orodha maalumu ya makundi ya teknolojia safi. Na hapa kuna jambo ninalopenda kuwaambia vijana: hataza ambayo haikuombwa kwa ajili ya Kenya, au iliyokwisha muda, unaruhusiwa kuitumia hapa nyumbani. Huwezi kuiita yako, lakini unaweza kuijenga na kuuza.

Hatua ya 4: Andika madai

Hii ndiyo hatua ya kutoharakisha. Ombi lako lina maelezo na madai. Maelezo yanafundisha kifaa kinavyofanya kazi. Madai yanachora mpaka wa shamba lako. Ingawa muda ulikuwa umempita, fundi wetu wa Dunga alijaribu kwa zoezi, akaandika: "Mtambo bora wa baiogesi usioziba." Hayo ni matangazo, hayazuii mtu yeyote. Tulikaa naye jioni nzima tukiuliza: ni nini hasa kinachofanya kazi? Si vyuma, maana vyuma vya kukoroga vipo tangu zamani. Ni kwamba mwendo wa pipa lenyewe ndio unaovisukuma. Tukafikia hivi: "Mtambo wa baiogesi wenye pipa linaloelea, ambao vipasuo vimeshikizwa ndani ya pipa hilo, na kupanda na kushuka kwa pipa kunavisogeza kupita katika tabaka linaloelea." Hapo hata jirani akitumia mabomba badala ya vyuma, bado amo ndani ya mpaka. Ukitaja "vyuma vitatu" kwenye dai la kwanza, atatia vinne akucheke.

Hatua ya 5: Wasilisha

Tarehe ya kupokelewa ombi ndiyo inayohesabiwa. Anayetangulia kuomba ndiye mwenye haki. Ombi hutangazwa baada ya miezi 18. Kabla ya miaka 3 kwisha, omba lichunguzwe kwa kina, la sivyo litakufa. Ukipewa hataza, kuna ada ya kila mwaka.

Hatua ya 6: Jina

Fanya upekuzi kwanza. Alama husajiliwa kwa daraja la bidhaa au huduma: majiko yako daraja la 11, makaa ya kushindilia la 4, kazi ya kufunga mitambo la 37. "Gesi Safi" litakataliwa kwa sababu linaeleza bidhaa yenyewe. Buni neno. Likikubaliwa linatangazwa, na watu wana siku 60 za kulipinga.

Maswali ya wanachama

*Mama wa Nakuru: Nimeshasajili jina la biashara yangu ya makaa. Si inatosha?*
Hapana, mama. Usajili huo unakutambulisha wewe mwenye biashara. Haumzuii mwingine kubandika jina hilo kwenye mifuko yake. Omba alama.

*Kijana wa Kondele: Nilibuni nikiwa nimeajiriwa. Ni yangu?*
Kama kubuni ndiyo kazi uliyoajiriwa kufanya, ni ya mwajiri, isipokuwa mkataba useme vingine. Ikimletea faida kubwa isiyo ya kawaida, una haki ya kudai malipo ya ziada. Soma mkataba wako leo.

*Fundi wa Busia: Hapa natupa jiwe linaangukia Uganda. Cheti cha Kenya kinavuka?*
Hakivuki, ndugu yangu. Una miezi 12 tangu ombi la kwanza kuomba nchi nyingine bila kupoteza tarehe yako, na kwa alama ni miezi 6. Kwa hataza, ombi moja kupitia ARIPO, shirika la mali miliki la nchi za Afrika lililoko Harare, linaweza kutaja Uganda, Tanzania na Rwanda pamoja.

*Dada wa Kakamega: Kulinda nishati safi si kuwanyima maskini?*
Swali zuri. Jiko lile la bati lenye udongo ndani lilienea tangu miaka ya 1980 kwa mafundi kuigana, na nyumba nyingi zimefaidika. Ukitaka kugawa chako bure, gawa. Ninachopinga ni mwingine kukuamulia.

*Mzee wa Ahero: Yule wa Dunga je?*
Ule mtambo wa kwanza, muda wa kuuombea umeshapita. Lakini amebuni namna ya kuingiza magugu bila hewa kuingia nayo, na hiyo hajamwonyesha mtu. Mchoro uko mezani kwangu, umefunikwa, na Jumatatu tunaupeleka.