Somo: Kuilazimisha Stockfish icheze gambiti ya Halloween

Ukiiachia Stockfish, programu ya kucheza sataranji, ijichagulie, haitatoa farasi bure kwenye hatua ya nne. Gambiti (ufunguzi wa kutoa kete ili kupata shambulio) ya Halloween inadai jambo hilohilo: farasi mweupe wa f3 anamla askari wa e5 akijua kabisa kwamba ataliwa. Mwaka 1888 Oskar Cordel aliandika kuwa wachezaji wa Leipzig waliwatesa wenzao kwa ufunguzi huu, ingawa yeye hakuuamini. Jina la sasa lilitoka kwa Mjerumani Steffen Jakob: mpinzani hushtuka kama aliyekutana na kinyago cha sikukuu ya Halloween. Jakob huyo huyo aliiweka mtandaoni Brause, nakala ya programu ya sataranji ya Crafty, iucheze.

Hatua ya 1. Pakua Stockfish na Cute Chess, programu ya kuzipambanisha injini za sataranji. Zote ni za bure. Ziweke kwenye folda moja.

Hatua ya 2. Fungua faili tupu la maandishi, andika:

1. e4 e5 2. Nf3 Nc6 3. Nc3 Nf6 4. Nxe5 *

N ni farasi, B ni askofu, x ni kula. Lihifadhi kwa jina halloween.pgn. Nyota ya mwisho usiisahau. Inaonyesha mchezo haujaisha.

Hatua ya 3. Kwenye dirisha la amri, andika yote kwa mstari mmoja:

cutechess-cli -engine name=A cmd=./stockfish -engine name=B cmd=./stockfish -each proto=uci tc=10+0.1 -openings file=halloween.pgn -games 2 -rounds 20 -repeat -pgnout matokeo.pgn

Kila upande una sekunde 10 na nyongeza ya sehemu ya kumi ya sekunde kwa kila hatua. Neno -repeat ndilo la haki: A akishacheza na nyeupe, B naye anapewa nyeupe. Jumla ni michezo 40.

Hatua ya 4. Hapa tulieni. Fungua matokeo.pgn, kisha pangeni ubao wa kawaida mezani na mfuate mstari huu (nukta tatu ni zamu ya Nyeusi): 4...Nxe5 5. d4 Ng6 6. e5 Ng8. Tazameni farasi mweusi: alitoka g8, sasa amerudishwa zizini. Nyeupe ana askari wawili wamesimama d4 na e5, na Nyeusi, mwenye kete ya ziada, hana nafasi ya kupumua. Mwanafunzi wangu yeyote angekuwa na Nyeusi hapo angeanza kujikunyata.

Kisha 7. Bc4, na jibu ninalotaka mlikariri: 7...d5! Nyeusi anarudisha askari mmoja ili maaskofu wake wapate njia. Baada ya 8. Bxd5 c6, askofu mweupe lazima aondoke, na shambulio limepoa. Mchoyo anayeng'ang'ania kila alichokula ndiye hufungwa na gambiti hii.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Kwangu Nyeupe anapoteza karibu kila mchezo. Nimekosea wapi?*

Marahaba. Hujakosea. Farasi kwa askari mmoja ni hasara, na Stockfish haisahau deni. Mpunguzie nguvu anayecheza Nyeusi: washa UCI_LimitStrength, kisha weka UCI_Elo (kipimo cha nguvu ya mchezaji) 1500. Kwa kuwa cutechess-cli hubadilisha pande, iondoe -repeat kwanza na utumie -noswap, A abaki na nyeupe. Utaona Nyeusi anavyoanza kuyumba.

*Kaka, mimi sina kompyuta, nina simu tu ya Android.*

Pakua DroidFish, ndani yake mna Stockfish. Cheza hatua nne za mwanzo kwa mkono, kisha chagua kompyuta dhidi ya kompyuta.

*Nikiweka idadi maalumu ya nodi (hali za ubao zinazopimwa na injini) badala ya muda, michezo inajirudia. Kwa nini?*

Kwa uzi mmoja wa kichakataji na nodi zilezile, hesabu ni ileile, hivyo jibu ni lilelile. Rudi kwenye muda, au ongeza kwenye faili matawi mengine, kama 5...Nc6 6. d5.

*Naweza kuutumia kwenye mashindano?*

Katika michezo ya dakika tatu, utumie bila woga. Katika mchezo mrefu, atakayeijua 7...d5 atakuumiza. Nami nawaomba kwa moyo wote: mashine ni ya nyumbani, kabla na baada ya mchezo tu.