Kuanza Pilates nyumbani: pumzi kwanza, mazoezi baadaye

Anayeendesha boda kutwa nzima Kampala na fundi anayeinamia cherehani katika soko la Owino hulalamikia kitu kimoja: kiuno. Pilates, aina ya mazoezi, inawafaa wote wawili, kwa kuwa inazoeza misuli ya ndani ya tumbo na mgongo kushikilia uti wa mgongo. Mwanzilishi wake ni Mjerumani Joseph Pilates, aliyezaliwa 1883. Vita vya Kwanza vya Dunia vilimkuta Uingereza akazuiliwa kambini, na huko aliwafanyisha wafungwa wenzake mazoezi. Mwaka 1926 alihamia New York, akafungua ukumbi wake.

Kama maumivu yanashuka mguuni, mguu unakufa ganzi, au umejifungua hivi karibuni, muone kwanza daktari au mtaalamu wa fiziotherapia. Ukishindwa kuzuia mkojo huku mgongo unauma, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Hatua ya 1: Mahali

Mkeka na blanketi lililokunjwa mara mbili juu ya sakafu vinatosha. Usitumie godoro la sponji: mwili unazama, hujui kiuno kimekaaje. Vua viatu. Ukishakula chakula cha mchana, subiri saa mbili. Mashine za springi za Pilates achana nazo kwa sasa. Mkekani unabeba uzito wako mwenyewe, na kosa linaonekana mapema.

Hatua ya 2: Kiuno na pumzi

Hapa ndipo wengi wanapopita mbio, kisha wanasema Pilates imewaumiza shingo.

Lala chali, kunja magoti, nyayo chini, miguu iachane kwa upana wa nyonga. Weka vitako vya viganja juu ya ile mifupa miwili inayochomoza mbele ya nyonga, ncha za vidole ziguse mfupa wa kinena. Mikono imefanya pembetatu. Bonyeza kiuno chini kabisa, kisha kinyanyue kifanye upinde, mara tano taratibu. Ishia katikati, pale pembetatu inapolala sawa na sakafu. Chini ya kiuno patabaki upenyo mdogo wa kuingiza vidole. Usiuzibe kwa nguvu.

Sasa hamishia viganja mbavuni. Vuta pumzi kwa pua, mbavu zipanuke kwenda pembeni na nyuma, mabega yasipande. Toa pumzi kwa mdomo polepole, mbavu zijifunge, na sehemu ya tumbo iliyo chini ya kitovu iingie ndani. Wakati huo huo kaza kidogo ile misuli inayozuia mkojo. Kidogo tu: ukishindwa kuongea, umezidisha.

Jipime. Weka vidole sentimita mbili ndani ya mifupa ya nyonga, bonyeza, kisha toa pumzi. Ukisikia pamekazana polepole chini ya vidole, ni sawa. Vidole vikisukumwa juu, misuli ya nje ndiyo inayofanya kazi na ya ndani imelala. Punguza nguvu, anza upya. Matako yakikaza, unasukuma nyonga badala ya kuvuta tumbo. Pumzi ikikatika, umebana mbavu. Kizunguzungu kikija, unapumua haraka mno.

Usiende hatua ya tatu mpaka upumue hivi mara 10 mfululizo bila kosa hata moja. Hata kama ni wiki nzima.

Hatua ya 3: Mguu mmoja mmoja

Ukitoa pumzi, inua mguu mmoja, goti likiwa limekunjwa, mpaka paja lisimame wima. Ukivuta, rudisha. Mara 8 kila upande. Pembetatu isiyumbe.

Hatua ya 4: Daraja

Toa pumzi, bandua kiuno, kisha mgongo, pingili baada ya pingili, mpaka mabegani. Shuka vivyo hivyo. Mara 8. Nyuma ya paja ikibana, visigino viko mbali mno. Visogeze karibu na matako.

Hatua ya 5: Mia

Hili ndilo zoezi linalojulikana zaidi, na wengi huliwahi kabla ya wakati. Nyosha mikono kando ya mwili, iinue kidogo, ipigepige juu na chini: mapigo 5 ukivuta pumzi, 5 ukitoa, mizunguko 10, jumla 100. Anza kichwa na nyayo vikiwa chini. Inua kichwa siku ambayo mizunguko yote 10 inaisha tumbo likiwa bado bapa. Likijitokeza kama tuta katikati, hasa kwa mama aliyejifungua, rudisha kichwa chini papo hapo.

Fanya dakika 20, mara tatu kwa wiki. Usitegemee kupungua uzito kwa njia hii. Kwa hilo, panda vilima vya Kampala kwa miguu. Kwa maumivu sugu ya kiuno, uchambuzi wa 2015 wa Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za afya, ulionyesha kwamba Pilates husaidia kuliko kukaa bila tiba ya maana, ingawa haukuthibitisha kuwa inashinda mazoezi mengine. Mwenye mifupa dhaifu aishie hatua ya tatu, na mjamzito aliyepita miezi mitatu asikae chali muda mrefu. Afanye zile pumzi akiwa amekaa kitini.