Mambo ya kuweka sawa kabla hujaanza kuthibitisha pembetatu zinalingana kwa kuzihamisha

Jamani wa fomu two, hili swali la kuonyesha pembetatu mbili ni sawa kabisa kwa umbo na ukubwa linaonekana jepesi ila watu wanakimbilia kuzungusha kabla hawajajua kona gani inaenda wapi, na hapo ndo maksi zinapotea. Kwenye mkebe hakikisha kuna rula, bikari, protrakta, halafu tafuta karatasi ya grafu na karatasi nyembamba ya kunakilia, hiyo itakusaidia kuona kwa macho ingawa yenyewe sio uthibitisho.

Kazi kubwa ni kupanga kona. Tuseme una A(1,1), B(4,1), C(1,3) na nyingine P(6,2), Q(6,5), R(8,2). AB na PQ zote ni 3, AC na PR zote ni 2, na pembe ya A na ya P zote ni nyuzi 90, kwa hiyo A inaenda P, B inaenda Q, C inaenda R, na uandike kwa mpangilio huohuo mpaka mwisho, usije ukabadilisha katikati. Sasa fuata herufi kwa kidole: A-B-C inazunguka kinyume cha saa, P-Q-R inazunguka kama saa, basi ujue mapema kabisa kuakisi (kugeuza kama kwenye kioo) lazima kuwepo, hata uzungushe mpaka kesho bila kuakisi haziingiliani.

Ukishajua hayo, sogeza A, B na C zote hatua 5 kulia na 1 juu, A inakaa kwenye P. Zungusha nyuzi 90 kinyume cha saa kwa kitovu P, B inatua Q, na inatua palepale kwa sababu AB = PQ, hii sababu iandike please maana ndo uthibitisho wenyewe. C sasa imefika (4,2), akisi kwenye mstari x = 6 inaenda (8,2) ambayo ni R, sababu pembe ni sawa na AC = PR. Kila hatua itaje kamili: vekta ya kusogeza, kitovu na nyuzi na uelekeo wa kuzungusha, mstari wa kioo wa kuakisi. Kukuza hakumo, kunabadilisha urefu.

Na ukipewa pembe tatu tu bila upande hata mmoja usianze kabisa, pembetatu ya pande 3, 4, 5 na ya pande 6, 8, 10 zina pembe zilezile lakini hakuna namna ya kuzisogeza zikafunikana.