Utajuaje kama una chansi ya kupata PhD ya uinjinia Marekani

Kila mwaka ikifika Septemba napata meseji ileile, "kaka nina GPA ya 3.9, nitapata PhD Marekani?" Jamani, kwa hiyo namba peke yake hata mganga hawezi kukujibu.

Kwanza hiyo 3.9 ya Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) ni kati ya 5, na wenzetu skeli yao ni ya 4, kwa hiyo usijaribu kuikokotoa mwenyewe, andika 3.9/5.0 na daraja lako ulilopata basi. Kama ulikuwa wa pili au wa tatu darasani mwombe anayekuandikia barua ya mapendekezo aiseme hiyo, inaeleweka haraka kuliko GPA.

Ila ishu yenyewe iko kwenye hela. PhD ya uinjinia kule kwa kawaida hulipi ada na unapewa posho juu, na hiyo hela mara nyingi inatoka kwenye ruzuku ya profesa (hela anazopewa za kufanyia utafiti) au unaifanyia kazi ya kufundisha, sasa mtu anayekulipa anataka mtu wa kumfanyia kazi yake. Kwa hiyo acha kuhesabu vyuo, hesabu maprofesa. Chuo ambacho humwoni hata profesa mmoja anayefanya kitu unachokiweza, chansi yako pale ni ndogo hata uwe na first class.

Ukishampata mmoja mchimbe. Soma pepa zake, yaani makala za utafiti alizochapisha, za miaka miwili mitatu ya karibuni, fungua ukurasa wa labu uone wanafunzi wake walitoka wapi, walikuja na masta au digrii ya kwanza tu, walikuwa na pepa ngapi kabla hawajaingia. Kama wote walikuja na pepa na wewe una mradi wa mwaka wa mwisho wa pampu ya sola tu, hapo ni pagumu, tuambiane ukweli. Halafu NSF, shirika la serikali ya Marekani linalotoa hela za utafiti, wana sehemu kwenye websaiti yao ya kutafuta ruzuku, bure kabisa, unaandika jina la profesa unaona kapewa kiasi gani na mradi unaisha lini. Ukiisha baada ya miezi sita na hana mwingine atakulipa na nini miaka mitano?

Barua wanataka tatu. "Alipata A kwenye somo langu" haikusaidii kitu, tafuta aliyekuona ukihangaika na kazi mpaka ikakubali. Mimi mmoja aliniambia niandike mwenyewe yeye asaini, nikamwacha.

GRE, ule mtihani wa kuombea masomo ya juu Marekani, idara nyingi siku hizi hawautaki, cheki kabla hujatupa hela.

Mwandikie profesa imeili fupi mapema, maana dedilaini nyingi ni Desemba. Akijibu "karibu, tuma maombi" usishangilie, anawajibu wengi hivyo. Akitaka mkutane Zoom na akaanza kukuuliza ulichokielewa kwenye pepa yake, hapo lipia ada ya maombi.