Krismasi ya Visiwani: Namna ya Kuanzia Horini

Mkristo anayeishi Unguja au Pemba hana sababu kubwa ya kulalamika kwamba Krismasi imemezwa na maduka, kwa kuwa mitaa ya Ng'ambo, Wete au Chake Chake haibadiliki sana ifikapo Desemba. Taa na miti iliyopambwa iko hotelini. Kinachotumezea sikukuu sisi ni vitu viwili: zamu za kazi, kwani huo ndio msimu wa wageni, na jiko. Vyote viwili vinahitaji kupangwa mapema, ili kuzaliwa kwa Kristo kusiwe jambo la kukumbukwa baada ya vyombo kuoshwa.

Anza na Majilio, yaani Jumapili nne zinazotangulia sikukuu. Weka mishumaa minne mezani, uwashe mmoja Jumapili ya kwanza na kuongeza mmoja kila Jumapili inayofuata, na jioni someni kipande kifupi cha Injili ya Luka, kuanzia habari za Zakaria na Elisabeti katika sura ya 1. Dakika kumi zinatosha. Watoto wakianza kusinzia, funga kitabu.

Katika wiki ya tatu tengenezeni pango, yaani mfano wa mahali alipozaliwa Yesu, na lisiwe la kununua. Sanduku la mbao lililolazwa ubavu, makuti makavu ya kuezekea, udongo wa kufinyangia ng'ombe na kondoo, na tawi la mvinje pembeni kwa anayetaka mti, vinatosha kabisa. Hori liachwe tupu mpaka usiku wa tarehe 24, ndipo mtoto aliye mdogo kuliko wote amlaze Yesu ndani yake. Utupu huo wa siku kadhaa huwafanya watoto waulize maswali, nao hufundisha kuliko hotuba ya mzazi.

Zawadi za mamajusi ndizo sehemu ambayo mtoto wa visiwani anaielewa kwa pua. Ubani anaujua tangu uchanga, na manemane anaweza kuoneshwa kwa wauza dawa za asili. Mwaka jana binti yangu wa miaka sita alishika chembe ya ubani kwa vidole viwili, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha, kisha akauliza kama Mtoto Yesu naye alikuwa akifukizwa baada ya kuogeshwa. Sikuwa na jibu. Nilimwambia aitie kwenye chetezo, tukakaa kimya mpaka moshi ulipokwisha.

Kwa walio karibu na Mji Mkongwe, wapelekeni watoto kwenye kanisa kuu la Kianglikana la Mkunazini siku isiyo na msongamano. Kanisa lile limejengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, na jiwe lake la msingi liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka 1873, miezi michache baada ya soko kufungwa. Mtoto aliyesimama pale huelewa haraka maana ya kusema kwamba Mkombozi amezaliwa.

Wafanyakazi wa hoteli za Nungwi, Kiwengwa au Paje wana shida ya peke yao. Ombeni kubadilishana zamu tangu Novemba, wala msione haya kumwendea mwenzenu Muislamu, hasa ikiwa mlimshikia zamu yake siku ya Idi. Ikishindikana, changeni nauli mkodi gari la kuwapeleka mjini kwenye ibada ya mkesha, maana daladala za usiku si za kutegemea. Na hilo nalo likishindikana, kumbukeni kwamba majira ya Krismasi hayaishi tarehe 25, bali yanaendelea mpaka Epifania, tarehe 6 Januari, kwa hiyo siku ya mapumziko yoyote iliyo katikati yafaa kwa sala na karamu ya nyumbani. Binafsi napenda kuwakumbusha vijana hawa kwamba wachungaji wa Bethlehemu, kama Luka anavyosimulia, walikuwa wakilinda kundi kwa zamu usiku ule, na kwamba aliyekosa nafasi alikuwa mlangoni pa nyumba ya wageni.

Kuhusu jiko, kanuni yangu ni moja: kusiwe na kitu motoni kabla ya kwenda kanisani. Niliiweka baada ya mwaka ambao pilau ilituchelewesha, tukafika na nguo zetu mpya wakati wa wimbo wa kufunga. Mkate wa kumimina na visheti vipikwe tarehe 24, nyama iungwe viungo usiku huohuo, wali utasubiri.

Sahani za majirani zitengwe kabla ya wenye nyumba kula. Kama kuna mbuzi, mwombeni jirani Muislamu amchinje, ili chakula kiliwe bila wasiwasi. Mazungumzo yakifika kwa Isa bin Maryamu, sikilizeni nao wanavyosimulia juu ya Maryamu na mtende, kisha semeni imani yenu waziwazi bila kubishana. Sahani yenyewe apeleke mtoto, naye awe amezoezwa kabla ya siku hiyo, ili mama wa nyumba ya pili akimuuliza sikukuu hii ni ya nini, ajibu kwa maneno yake mwenyewe.